Mafiga na Mahame: Shauku ya Maisha ya Kibedui katika Ushairi wa Kale wa Kiarabu

Utangulizi

Msomaji anayeufikia ushairi wa Kiarabu kwa mara ya kwanza aghalabu hukutana na mtu aliyesimama mahameni. Mtu huyo amemsimamisha ngamia wake, anatazama alama chache zilizosalia ardhini, anawakumbuka waliopata kukaa hapo, na analia. Kwa muda wa karne 13 na zaidi picha hiyo imerudiwa na washairi ambao wengi wao hawakupata kulala hemani hata usiku mmoja. Kutokana na kurudiwa huko imezuka dhana, inayoonekana katika vitabu vingi vya historia ya fasihi, kwamba Mwarabu wa kale alikuwa mpenzi wa jangwa kwa maumbile yake, na kwamba ushairi wake ni sauti ya jangwa lenyewe.

Dhana hiyo haikosi ukweli, lakini inachanganya mambo yasiyokuwa ya wakati mmoja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba shauku ya maisha ya Kibedui ina historia yake. Ilipata umbo kamili pale watu walipokwisha kuondoka jangwani. Ilikua katika miji ya Iraki na Shamu baina ya karne ya 7 na ya 9. Na waliokuwa na haja nayo kuliko wengine wote walikuwa wanazuoni wa lugha. Jambo hili si dogo. Sarufi na kamusi za Kiarabu zimejengwa, kwa sehemu kubwa, juu ya ushahidi wa tungo hizo. Ikiwa jangwa la washairi ni ndoto ya watu wa mjini, yapasa kuuliza ushahidi huo una uzito gani.

Badia kabla ya shauku

Jambo la kwanza linalostahili kuzingatiwa ni neno lenyewe. Mahali ambapo Kiswahili husema jangwa, Waarabu wa kale walikuwa na majina mengi, na lililo muhimu hapa ni badia, ambalo ndilo asili ya jina Bedui. Badia si mchanga mtupu usio na uhai. Ni ardhi ya wazi yenye malisho ya msimu, mabonde yanayofurika mvua inaponyesha, na visima vinavyojulikana kwa majina. Kwa maana hiyo badia inakaribiana zaidi na nyika kuliko jangwa.

Maisha ya badia yalifuata mvua. Wakati wa malisho mema koo mbalimbali zilipiga mahema karibu karibu katika bonde moja. Vijana wakajuana, mapenzi yakazaliwa. Majani yalipokauka kila ukoo uling'oa vigingi vyake na kurudi kwenye visima vyake vya kiangazi. Aliyepita hapo mwaka wa pili alikuta kile ambacho washairi hawachoki kukieleza: mafiga matatu meusi kwa moshi, kifereji kilichochimbwa kuzunguka hema ili kuyaepusha maji ya mvua, samadi iliyokauka, na kigingi kilichosahauliwa. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kueleza mno maana ya mafiga. Panapobaki mafiga bila moto, hapo palikuwa na nyumba, na nyumba hiyo imekwisha.

Utungo uliotokana na maisha hayo uliitwa kasida. Mwanachuoni Ibn Qutayba (828–889), katika utangulizi wa kitabu chake juu ya ushairi na washairi, alieleza mpango wake: kwanza mshairi huanza kwa mahame na kumbukumbu ya mpenzi, pili husimulia safari yake ngumu juu ya ngamia, tatu hufikia kusudi lake, ambalo kwa maelezo ya Ibn Qutayba ni kumsifu mtu anayetarajiwa kutoa zawadi. Sehemu ya kwanza, alisema, ni ya kuzivuta nyoyo za wasikilizaji. Inafaa ikumbukwe kwamba mwanachuoni huyu aliandika Iraki ya karne ya 9, miaka 300 na zaidi baada ya tungo za kale kabisa anazozizungumzia, na kwamba si kila kasida ya kale inafuata mpango huo. Wako waliomaliza kwa kujisifu, kuisifu kabila yao, au kumtukana adui.

Tungo za zama za kabla ya Uislamu zikisomwa kwa makini, jambo moja hujitokeza. Mshairi halilii jangwa. Anawalilia watu. Katika muallaka wa Labid bin Rabia, kwa mfano, mvua imeyarudishia mahame uhai; majani yameota, na wanyama wa porini wanazaa hapo kwa usalama. Ardhi haijafa, na hilo ndilo linalochoma: nyika imerejea katika hali yake, ila wakazi wake hawakurejea. Na mshairi akisha kulia huingia safarini, na hapo nyika haina upole wowote. Ni joto, kiu, usiku wa kutisha, na mbwamwitu mwenye njaa. Anayejisifu hujisifu kwamba aliishinda, au kwamba katika msimu wa njaa alichinja ngamia wake awalishe wageni.

Haiwezi kusemwa kwamba washairi hao hawakuijua miji. Wengine, kama al-Nabigha, walifika kwenye baraza za wafalme wa Hira na wa Ghassani, na Makka na Yathrib zilikuwa miji inayojulikana. Lakini mji ulikuwa mahali pa kwenda kupata zawadi, kisha kurejea. Haukuwa bado mshindani wa hema. Kwa kuwa hakuna aliyelazimika kuchagua baina ya maisha mawili, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuandika kwamba moja ni bora kuliko jingine.

Miji ya kambi na daftari la posho

Hali hiyo ilibadilika katika muda wa maisha ya kizazi kimoja. Majeshi ya Waislamu yalipoingia Iraki, Khalifa Umar bin al-Khattab (634–644) hakuyaachia yatawanyike katika miji ya kale ya Waajemi. Yaliwekwa katika makambi kandokando ya nyika, na makambi hayo yakawa miji ya Basra na Kufa, iliyoanzishwa takriban mwaka 638. Nyumba za kwanza zilikuwa za mafunzi na matete. Baadaye zikajengwa kwa udongo. Kabila ziligawiwa mitaa, na majina ya wapiganaji yakaandikwa katika daftari lililowawezesha kupokea posho. Daftari hilo liliitwa diwani.

Katika neno hilo mna jambo la kuzingatiwa. Baadaye Waarabu walikuja kuuita ushairi kuwa ndio diwani yao, yaani daftari la kumbukumbu zao, na ndiyo maana hata leo mkusanyo wa mashairi huitwa hivyo kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Lakini diwani ya kwanza ilikuwa orodha ya mishahara. Aliyeandikwa humo alikuwa amehama. Kurudi kwake katika maisha ya kuhamahama baada ya hijra kulihesabiwa katika mapokeo ya dini kuwa jambo la kulaumiwa sana, na Kurani yenyewe, katika sura ya 9, inasema kwa ukali juu ya baadhi ya Waarabu wa badia. Kwa hiyo watu wa Basra na Kufa walikuwa na nyika mlangoni pao, ilhali mlango huo, kwa upande wa sheria na wa riziki, ulikuwa umefungwa. Hapo ndipo shauku inapoweza kuzaliwa: mahali panapoonekana lakini hapaendeki.

Ushahidi wa kwanza unatoka kwa askari. Malik bin al-Rayb, mtu wa kabila ya Tamimu aliyepata kuwa mnyang'anyi wa njiani, alifuatana na gavana Said bin Uthman kwenda Khorasani mnamo mwaka 676, akafia huko. Marthia aliyojitungia mwenyewe kabla ya kufa ni miongoni mwa tungo mashuhuri kabisa za Kiarabu. Anachokililia humo ni nchi yake, na zaidi ya yote mti wa ghada, kichaka cha mchangani ambacho msafiri wa kawaida asingekitazama mara mbili. Al-Simma al-Qushayri, wa zama za Bani Umayya, naye aliikumbuka Najdi akiwa mbali nayo. Tangu hapo Najdi, ambayo ni uwanda wa juu wa katikati ya Arabuni, ikawa katika ushairi nchi ya moyo. Upepo wake wa mashariki, uitwao saba, ukawa mjumbe wa wapenzi hata kwa washairi ambao hawakuijua nchi hiyo ila kwa jina. Jaroslav Stetkevych, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1993, ameifuatilia safari ya jina hilo kutoka ramani hadi kuwa ishara.

Ushahidi wa pili unatoka ikulu. Muawiya, aliyetawala Dameski tangu 661 hadi 680, alimwoa Maysun binti Bahdal wa kabila ya Kalbu, naye ndiye mama wa Yazidi. Kuna utungo mfupi unaonasibishwa naye, ambamo mwanamke analipendelea hema lipigwalo na pepo kuliko kasri, na vazi la sufi nzito kuliko nguo laini. Wako wataalamu wanaotilia shaka kwamba ni wake. Hata hivyo utungo huo uliingia katika vitabu vya sarufi, ambako ubeti wake mmoja hutumiwa kuthibitisha kanuni ya kitenzi. Malalamiko ya mke asiyeridhika yamehifadhiwa na wanasarufi, na hilo linatuelekeza kwenye sehemu inayofuata.

Kabla ya kufika huko inafaa kutahadharisha. Majumba ambayo Bani Umayya waliyajenga katika nyika za Shamu, kama Qusayr Amra nchini Yordani, yalifasiriwa na Henri Lammens kuwa ni matokeo ya watawala hao kuionea kiu badia ya wazee wao. Katika Qusayr Amra maandishi yaliyodhihirika mwaka 2012 wakati wa ukarabati yanamtaja al-Walid bin Yazid, mjukuu wa ukoo huo aliyetawala baina ya 743 na 744. Lakini Jean Sauvaget alionyesha kwamba mengi ya majumba hayo yalihusiana na mashamba na mifereji ya maji. Yaani mtaalamu wa karne ya 20 aliiona shauku ya jangwa pale palipokuwa na kilimo. Ushairi ulikuwa umemfundisha cha kutazamia.

Soko la Mirbad na thamani ya neno

Magharibi ya Basra palikuwa na uwanja ulioitwa Mirbad. Asili yake ulikuwa mahali pa kulazia ngamia na kuuzia bidhaa za nyika. Baadaye ukawa uwanja wa washairi, ambako Jarir na al-Farazdaq, waliofariki karibu mwaka 730, walikuwa wakitukanana kwa kasida mbele ya umati. Kisha ukawa kitu cha tatu: soko la maneno. Wanazuoni walikwenda huko kuwasikiliza Mabedui walioingia mjini, wakaandika misamiati yao, methali zao na tungo walizozihifadhi. Abu Amr bin al-Ala, na baada yake al-Asmai (takriban 740–828), walijipatia sifa kwa kazi hiyo.

Sababu ya kazi hiyo ilikuwa wazi. Kiarabu kilikuwa sasa lugha ya dola na ya dini, nacho kilisemwa na watu wa asili nyingi. Makosa ya irabu za mwisho yaliongezeka, na kosa la irabu huweza kugeuza maana ya Kitabu. Ikahitajika mizani ya kupimia usahihi, na mizani hiyo ilitafutwa nje ya mji. Watu waligawanywa mafungu mawili: watu wa manyoya, yaani wakaao katika mahema ya manyoya ya ngamia, na watu wa udongo, wakaao katika nyumba. Ufasaha ulikuwa wa wale wa kwanza. Ibn Jinni, aliyefariki mwaka 1002, aliweka katika kitabu chake al-Khasais mlango mzima kueleza kwa nini lugha haichukuliwi kwa watu wa udongo kama inavyochukuliwa kwa watu wa manyoya.

Hivyo nyika ikapata thamani mpya, na kitu chenye thamani hakikosi waghushi. Hammad al-Rawiya wa Kufa, ambaye ndiye anayesemekana kuzikusanya Muallaka, alituhumiwa na wenziwe kwamba alitia tungo zake mwenyewe katika midomo ya wafu. Khalaf al-Ahmar wa Basra alituhumiwa vivyo hivyo, na wapo waliomnasibishia hata kasida mashuhuri ya al-Shanfara, yule mshairi aliyefukuzwa na watu wake akaishi na wanyama wa porini. Wote wawili hawakuwa wa nasaba ya Kiarabu. Yaani mtu aliyezaliwa mjini, asili yake Ajemi, aliweza kutunga jangwa ambalo wajuzi wa zama zake walishindwa kulitofautisha na la kweli. Ikiwa tuhuma hizo ni za haki au si za haki, zenyewe zinaonyesha kwamba jangwa lilikuwa limekuwa mtindo unaoweza kufundishwa.

Jambo hili linaonekana hata katika istilahi. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi (aliyefariki takriban 786), ambaye ukoo wake ulitoka Omani, ndiye aliyeziweka kanuni za arudhi. Ubeti aliuita kwa jina la makazi, bayt, neno ambalo kwa Mbedui ni hema. Vipande vya mizani alivipa majina ya kamba na kigingi, na nusu ya ubeti ikaitwa kwa jina la ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Hema la manyoya na ubeti wa shairi hutofautiana kwa Kiarabu kwa irabu moja tu. Lakini inasimuliwa kwamba wazo la mizani lilimjia al-Khalil aliposikia nyundo za wafua shaba sokoni. Masimulizi hayo, yawe kweli au yasiwe, yanasema jambo la haki: hema la ushairi lilishonwa mjini.

Kejeli na jibu lake

Haikuchukua muda kabla ya kuzuka upinzani. Abu Nuwas, aliyefariki takriban mwaka 814, aliwadhihaki waziwazi wale wanaosimama kulia mahameni, akawahimiza waulizie mahali penye mvinyo. Nyuma yake palikuwa na mjadala mkubwa, ule wa Shuubiya, ambamo watu wa asili zisizo za Kiarabu walihoji ukubwa waliojipa Waarabu, na kuwakumbusha kwamba walikula mijusi na kunywa maji ya matope. Al-Jahiz, aliyefariki mwaka 868 au 869, alisimama upande wa Waarabu na kuitetea khutuba yao na fimbo yao.

Hata hivyo Abu Nuwas si mfano mwepesi kama anavyodhaniwa. Alikuwa mwanafunzi wa Khalaf al-Ahmar, na inapokelewa kwamba alikaa kwa muda na Mabedui ili kuinoa lugha yake. Alipotaka, alitunga kasida za mtindo wa kale. Aliyeyacheka mahame alikuwa ameyasomea. Al-Mutanabbi (915–965) naye, aliyezaliwa Kufa, aliishi ujanani miongoni mwa Mabedui, na katika tungo zake aliutukuza uzuri wa wanawake wa nyika kuliko ule wa mjini. Kufikia zama zake kwenda nyikani kulikuwa sehemu ya elimu ya mshairi, kama vile kwenda chuoni.

Shaka ya mwaka 1925 na 1926

Suala la kughushi liliamka tena katika karne ya 20. Mwaka 1925 D. S. Margoliouth alitoa makala akidai kwamba ushairi unaoitwa wa kabla ya Uislamu kwa jumla ulitungwa baadaye. Mwaka 1926 Taha Husein alichapisha mjini Kairo kitabu chenye dai linalokaribiana na hilo. Kitabu kiliondolewa sokoni kwa ghasia kubwa, kikarudi mwaka 1927 kikiwa na jina jingine na sehemu zilizobadilishwa. Shaka yenyewe haikuwa mpya. Ibn Sallam al-Jumahi, katika karne ya 9, alikwisha kueleza kwamba kabila zilizokuwa na tungo chache ziliwaongezea wahenga wao. Miaka ya 1970 James Monroe, na baada yake Michael Zwettler, walilitazama suala kwa njia nyingine: tungo hizi zilikuwa za mdomo, zikiendeshwa kwa mafungu ya maneno yaliyozoeleka, kwa hiyo kutafuta matini moja ya asili ni kutafuta kisichokuwapo.

Kwa mtazamo wa makala haya, pande zote mbili za ugomvi wa 1926 zilikubaliana katika jambo moja bila ya kujua: kwamba jangwa la tungo ama ni la kweli au ni la uongo. Lakini upotevu unaosemwa katika ushairi huu si mmoja. Kuna upotevu wa kambi, ambao ni wa msimu, na ambao mhamaji yeyote aliujua. Kuna upotevu wa nchi, ambao ni wa askari wa karne ya 7 aliyeandikwa katika diwani na kupelekwa Khorasani. Na kuna upotevu wa lugha, ambao ni wa mwanachuoni wa karne ya 8 anayesikia makosa kila mtaa. Upotevu wa kwanza ulitoa umbo. Wa pili ulitoa machozi. Wa tatu ulitoa sababu ya kuhifadhi. Anayezisoma tungo hizi kama hati za jangwa peke yake atadanganyika, na anayezitupa kwa kuwa zimepitia Basra atakuwa ametupa pia habari za Basra.

Hitimisho

Ibn Khaldun, alipoandika Mukadima mwaka 1377, aliigeuza shauku hiyo kuwa elimu: watu wa badia wana umoja na ushujaa, watu wa mji wana anasa na ulegevu, na dola huzaliwa kwa wale na kufa mikononi mwa hawa. Ndani ya nadharia hiyo bado unasikika mwangwi wa kasida.

Mwambao wa Afrika Mashariki uliyapokea maneno ya hema bila hema. Mshairi wa Kiswahili husema beti, mizani, diwani na shauku, yote yakiwa na asili ya Kiarabu au yaliyopitia Kiarabu, lakini kipimo cha ustaarabu kwake kilikuwa mji. Nyika ilikuwa mahali pa kutazamwa kwa mbali, na jina Wanyika walilopewa Wamijikenda halikuwa la heshima. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotaka kuonyesha katika Al-Inkishafi jinsi dunia inavyopita, mahame yake yalikuwa majumba ya mawe ya Pate. Katika Uarabuni mtu wa nyumba alililia hema. Pate mtu wa nyumba aliililia nyumba.

Tofauti hiyo ina funzo kwa wanaoshughulika na lugha. Kila jamii inayoogopa kupoteza lugha yake huchagua mahali na kusema kwamba huko ndiko kwenye usemi safi. Wanazuoni wa Basra walichagua nyika; mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja. Uchaguzi wa namna hiyo huweza kuwa wa lazima, na matunda yake huweza kudumu. Lakini wanaochagua si wale wanaosemewa, na Mbedui aliyeletwa Mirbad aseme maneno yake yaandikwe hakuulizwa kama yeye mwenyewe aliipenda nyika. Pengine, akisha kulipwa, alitamani kubaki mjini.